Kitabu cha kwanza hukopa

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nimepewa kazi ya kuandika skripti ya kitabu cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vitano vya watoto, hadithi za ulimwengu wa kichawi. Vitatu vimeshatoka, viwili mwandishi bado anaandika. Kitabu kina kurasa 380 na mtayarishaji anataka filamu isiyozidi saa mbili. Watoto waliokisoma wamekihifadhi, hata jina la mbwa wa jirani wanalijua. Nikate nini, nibakishe nini, na nifanyeje wasije wakanichukia?"

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hesabu, maana ndiyo nyepesi. Ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa kuwa dakika moja ya filamu. Kwa hiyo una kurasa 110, ukijitanua sana 120. Kurasa zako 380 haziingii humo hata ukizikunja. Zaidi ya nusu ya matukio yataondoka, na hilo lisikukoseshe usingizi. Watoto husamehe kukatiwa. Nimekaa kwenye kumbi za sinema karibu na watoto waliokuja na kitabu mkononi, na manung'uniko yao huanza pale mtu wanayemjua anapofanya jambo ambalo yule wa kitabuni asingelifanya. Sura ya saba ikikosekana, wengi hawana habari nayo.

Kinachonitisha kwenye swali lako ni neno "mfululizo". Kitabu kinachosimama peke yake, ukikata umekata. Kitabu cha kwanza kati ya vitano kina madeni. Mwandishi ametundika kisu ukutani na hakuna aliyekigusa. Bibi ameanza wimbo na hakuumaliza. Mtumishi mmoja amenuna kila anapopita na hatujaambiwa kisa. Hayo yote ni mikopo aliyochukua kwa msomaji, na atailipa kitabu cha tatu, pengine cha tano. Wewe ukiyaona hayana kazi kwenye filamu hii na kuyafuta, filamu ya kwanza itapita salama. Atakayekuja kudaiwa ni yule atakayeandika ya nne.

Chukua mfululizo ambao karibu kila mtu ameuona, Harry Potter, vitabu saba vilivyotoka kati ya 1997 na 2007, vikazaa filamu nane kati ya 2001 na 2011. Filamu zilianza kabla vitabu havijaisha, hali ile ile uliyo nayo wewe. Walipokuwa wakiandaa filamu ya tano, iliyotoka 2007, mwandishi wa skripti alimtoa Kreacher, yule mtumishi mzee mwenye kisirani anayesonya kwenye korido. Ukimtazama ndani ya hadithi ile peke yake, kweli anatolewa bila damu kumwagika. J. K. Rowling, mwandishi wa vitabu, aliposoma akawaambia wamrudishe, wasipomrudisha watajuta wakifika kitabu cha saba, ambacho wakati huo hakikuwa kimetoka. Wakamrudisha, kwa dakika chache tu. Na kweli, kitabu cha saba kilipofika, habari ya kidani kilichoibwa ilikuwa mdomoni kwa Kreacher.

Sasa tazama deni ambalo hakuna aliyelikumbusha. Katika kitabu cha tano, Sirius, baba wa ubatizo wa Harry, anampa kioo kidogo cha kuwasiliana naye. Filamu ya tano haikukiweka. Mwaka 2010 ikatoka ya saba, na Harry ameshika kipande cha kioo kilichovunjika, anakitazama, jicho linaonekana ndani yake. Kimetoka wapi? Aliyesoma anajua. Asiyesoma anamgeukia jirani yake gizani na kumuuliza. Hilo swali la kunong'ona ndilo deni lenyewe, na limetokea mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Kisa cha Dobby kinaniuma zaidi, kwa sababu pale waandishi walifanya kazi nzuri kabisa na bado wakakopa. Kitabu cha nne, Dobby, kiumbe mdogo mtumishi, ndiye anayemletea Harry mmea wa kumwezesha kupumua chini ya maji. Kwenye filamu kazi hiyo akapewa Neville, mwanafunzi mwenzake. Ni uamuzi wa fundi: Neville tayari yupo, anapenda mimea, na unaokoa fedha za kumchora kiumbe kwa kompyuta. Ningeandika hivyo hivyo. Lakini Dobby akapotea kuanzia filamu ya tatu mpaka ya sita, na aliporudi kwenye ya saba alirudi kuja kufa. Kile kifo ufukweni kinaliza, sikatai. Ila waliosoma walikuwa wakimzika rafiki waliyekutana naye kitabu baada ya kitabu, na wengine walikuwa wakimzika mgeni waliyemwona mara moja miaka minane kabla.

Mimi mwenyewe nimewahi kudaiwa. Nilikuwa nikihariri skripti ya hadithi ya watoto, na ndani yake babu alimchongea mjukuu filimbi ya mfupa. Sini nzima, yaani tukio lote hilo, ilikula dakika nne na haikusogeza chochote. Nikaifuta kwa kalamu nyekundu, tena nikajisifu. Tulipofika kitabu cha tatu, mtoto yuko ndani ya pango, hana silaha, hana mwenzake, na kinachomwokoa ni filimbi. Tukalazimika kumfanya babu amkumbuke mjukuu ghafla na kumtumia zawadi kwa msafiri, siku mbili kabla ya pango. Kila aliyeisoma skripti ile alicheka mahali pale pale.

Tangu hapo sianzi kukata kabla ya kuandika daftari la madeni. Soma vitabu vyote vitatu vilivyotoka, na kila kitu, mtu, neno au mahali panapotokea kwenye cha kwanza kisha pakarudi baadaye, kiandike: kinaonekana wapi mara ya kwanza, kinarudi wapi, na kikirudi kinafanya kazi gani. Kwa vile viwili ambavyo havijatoka, nenda ukakae na mwandishi. Usimuulize anapenda kitu gani kibaki. Ukimuuliza hivyo atakutajia sini alizoziandika akiwa na furaha. Muulize hivi: "Nikitoa hiki, utanilaumu kitabu cha tano?" Kisha unyamaze. Akisita, weka alama. Waandishi wengi hawapendi kutaja mwisho wao, lakini hushindwa kuzuia uso.

Na kuna siri ambazo mwigizaji anazihitaji kuliko wewe. Alan Rickman, aliyeigiza mwalimu Snape, alidokezwa na Rowling jambo moja kuhusu mhusika wake miaka mingi kabla ya kitabu cha mwisho kutoka, na akalitunza. Ukirudia filamu za mwanzo ukiwa umeshaujua mwisho, utaona anatazama watu kwa namna ambayo skripti haikumwandikia.

Deni likishaandikwa daftarini, kulitunza si lazima liwe na sini yake. Hapo ndipo wengi wanapokosea kwa upande wa pili, wanabeba kila kitu kwa hofu. Filimbi yangu ingetosha kuonekana shingoni mwa mtoto, na mtu mmoja amuulize "hiyo nani kakupa?" naye ajibu "babu". Sekunde tano. Kreacher alitosha kupita kwenye korido akisonya.

Yapo ya kubadilisha bila hofu, na mengine ukiyagusa nyumba inashuka. Tofauti yake haimo kwenye ukubwa wa badiliko. Vitabu vya Cressida Cowell vya How to Train Your Dragon viko kumi na viwili. Humo Toothless ni joka dogo, kibogoyo, kaidi, la aina ya kawaida kabisa, na watu wa kijiji hufuga majoka kama mbwa wa kuwindia. Filamu ya 2010 ikamfanya mweusi tii, mkubwa wa kupandwa, wa aina inayoogopwa kuliko zote, na kijiji kizima kipo vitani na majoka. Wamebadilisha karibu kila kitu unachoweza kukitaja. Lakini ukiuliza kitabu kinahusu nini, kinahusu mtoto wa chifu, mwembamba, asiyefanana na anavyotakiwa kuwa, anayefanikiwa kwa joka kwa sababu anamwelewa huku wenzake wakitegemea mabavu. Hilo halikuguswa, na filamu tatu zilisimama juu yake.

Linganisha na Oz, nchi ya kichawi anakofika msichana Dorothy. Filamu ya 1939 ilibadili viatu vya Dorothy kutoka fedha vikawa vyekundu, maana rangi za Technicolor zilikuwa jambo jipya na wekundu ulikuwa uking'aa vizuri juu ya barabara ya njano. Badiliko dogo, zuri, na leo hata waliosoma kitabu wanakumbuka vyekundu. Badiliko lililokuwa kubwa halikuhitaji rangi: mwishoni Dorothy anazinduka kitandani na sisi tunaelewa kwamba ilikuwa ndoto. Kwenye kitabu cha 1900 Oz ni nchi kweli. L. Frank Baum aliandika vitabu kumi na vinne vya Oz, na kufikia cha sita Dorothy amehamia huko moja kwa moja na shangazi yake na mjomba wake. Nchi ya ndoto huwezi kuhamia. Kwa filamu moja ule mwisho unapendeza sana, sina ugomvi nao, ila umefunga mlango wa vitabu kumi na vitatu kwa sentensi moja ya kitandani. Kwa hiyo kila unapobadili, jiulize kama unabadili viatu au unabadili uhalisi wa nchi yenyewe.

Umri nao ni wa kundi hilo la pili, na watayarishaji wanaupenda mno kuuchezea. Percy Jackson, shujaa wa mfululizo wa Rick Riordan, ana miaka 12 kitabu cha kwanza kinapoanza. Filamu ya 2010 ikamfanya kijana mkubwa, wakitumaini kuwavuta watazamaji wa rika hilo. Rick Riordan aliwaandikia watayarishaji kabla ya filamu kutoka akiwaonya juu ya hilo, na hawakumsikiliza. Sababu yake haikuwa ya hisia tu. Mfululizo mzima unaendeshwa na utabiri unaomngoja huyo mtoto afikishe miaka 16. Vitabu vitano ni saa inayohesabu kurudi nyuma. Ukimleta kwenye filamu ya kwanza akiwa tayari na umri huo, saa imeshalia na hujaanza hadithi. Filamu zikaishia mbili. Desemba 2023 ikaja tamthilia ya televisheni, mwandishi akiwa mmoja wa waanzilishi wake, na mtoto akarudishwa kwenye miaka 12. Kwa hiyo mtayarishaji wako akija na wazo la "tumwongezee miaka mitatu minne", fungua daftari la madeni kabla hujatikisa kichwa.

Kuhusu mwisho. Watayarishaji wakishanusa mfululizo, humwambia mwandishi wa skripti aache jeraha wazi ili watu warudi. Kataa kwa adabu. Filamu ya The Golden Compass ya 2007 iligharimu dola milioni 180. Kitabu chake kinaisha vibaya mno, na ndiyo sababu kinapendwa: Lyra amesafiri mpaka mwisho wa dunia akiamini anamwokoa rafiki yake Roger, na safari ile ile ndiyo inayomkabidhi Roger kwa mtu atakayemuua ili kufungua njia ya kwenda ulimwengu mwingine. Na mtu huyo ni baba yake Lyra. Sura hizo za mwisho zikaondolewa, zihifadhiwe kwa filamu ya pili. Tukabaki na watoto angani, wanazungumza kwa matumaini, mataa yakawaka. Huko Marekani filamu ilipata kama dola milioni 70 tu, na filamu ya pili haikuja kamwe. Kwa hiyo ile hadithi haina mwisho mpaka leo kwenye sinema. Ilibidi ingoje tamthilia iliyorushwa kuanzia 2019 hadi 2022. Lile jeraha lilikuwa ndilo kitabu, na waliliweka akiba. Wewe andika kama hakutakuwa na filamu ya pili, huku daftari likiwa limefungwa salama iwapo itakuwepo.

Sasa nikuonyeshe kwa mkono, maana mpaka hapa nimekuwa nikisema tu. Kitu kigumu kuliko kukata ni sauti ya msimulizi. Tuseme kitabu chako kina sentensi kama hii: "Mlango ule haukuwahi kumfungukia mtu mwongo, lakini hakuna aliyemwambia Zuhura." Tamu. Msomaji ameijua sheria kabla ya mtoto, anamwonea huruma na anamcheka kidogo. Kwenye filamu, wengi wanaweka sauti ya mzee nyuma ya picha ikiisoma ile sentensi, au wanamleta mtu mwenye ndevu aeleze sheria za mlango. Mimi ningefanya hivi. Zuhura yuko mbele ya mlango na kaka yake. Kaka anamuuliza, "Umekula mkate wangu?" Anajibu hapana, huku ameshika kitasa. Anakisukuma, hakisogei. Kamera inaona makombo kwenye ukosi wake. Anavuta tena, kitasa kimeota barafu, anaachia akipuliza vidole. Wanazunguka nyumba nzima wakitafuta njia nyingine. Wakirudi wamechoka, giza limeingia, anakaa kizingitini na kusema kwa sauti ya chini, "Nilikula nusu." Nyuma yake mlango unafunguka taratibu, naye hajauona.

Ni ukurasa mmoja na robo. Hakuna aliyeeleza lolote, na mtoto wa miaka saba ameshaijua sheria, ameijua na bei yake. Ukiweza, sheria kuu za uchawi wako zote ziwe zimeonekana hivyo kabla ya dakika ya 25, kila moja ikimgharimu mtu kitu. Uchawi usio na bei watoto huuchoka haraka kuliko watu wazima.

Angalia pia The NeverEnding Story. Filamu ya 1984 inaishia katikati ya kitabu. Nusu ya pili, ambayo haimo, ndiyo yenye bei: mtoto Bastian akiwa ndani ya ulimwengu wa kitabu anachokisoma, kila anachokiomba kinamnyang'anya kumbukumbu moja, mpaka anakaribia kusahau jina lake. Filamu badala yake inampandisha juu ya joka akawafukuze watoto waliokuwa wakimwonea. Wengi waliokua nayo wanaipenda, na siwalaumu. Michael Ende mwenyewe, mwandishi wa kitabu, aliichukia kiasi cha kwenda mahakamani kuipinga.

Mambo mengine kwa haraka. Watoto waigizaji wanakua, sauti zinakatika, na sheria za kazi zinawapa saa chache kwa siku. Kwa hiyo sini za usiku zenye watoto zipunguze tangu kwenye skripti, usimwachie mwongozaji. Angalia kama mashujaa wako wanabaki wale wale kitabu hadi kitabu. Narnia inabadilisha watoto njiani, wakubwa wawili wanaambiwa hawatarudi, na filamu zake zilipata zaidi ya dola milioni 700 kwa ya kwanza, kisha kama 400 na ushee kwa ya pili na ya tatu, zikakoma. Hiyo si sababu pekee, lakini ipo. Na kama vitabu vyako ni vifupi vifupi vyenye vituko vingi, mshawishi mtayarishaji afikirie tamthilia. A Series of Unfortunate Events ilibanwa mwaka 2004, vitabu vitatu ndani ya filamu moja. Baadaye Netflix ikavipa vitabu kumi na vitatu sehemu 25, vikapumua. Ila televisheni ina ugonjwa wake wa kuvuta mpira mpaka ukatike.

Umeuliza wasije wakakuchukia. Baadhi watakuchukia, zoea. Lakini yule mbwa wa jirani usimguse. Jina lake linachukua sekunde moja kulitamka, halihitaji mwigizaji, na mtoto atakayelisikia likiitwa kwa mbali nyuma ya ukuta atamgonga mwenzake kiwiko. Tengeneza orodha ya pili pembeni ya daftari la madeni, ya vitu vya namna hiyo: jina la mbwa, kikombe chenye ufa, tusi la kitoto wanalopenda kulirudia shuleni. Mpe mbunifu wa mandhari. Vitu hivyo havina deni lolote mbele, ndiyo maana waandishi wa skripti hawavioni.

La mwisho ni la mkataba, na ulifanye kabla hujaandika neno. Omba iandikwe kwamba utaruhusiwa kusoma rasimu za kitabu cha nne na cha tano, au angalau kuonana na mwandishi kila rasimu ya skripti inapokamilika. Na mwandishi naye apate kauli yenye nguvu kwenye mambo ya mizizi. Ursula K. Le Guin, mwandishi wa vitabu vya Earthsea, mkataba ulimwita mshauri wa tamthilia yake ya 2004, kisha hakuombwa ushauri wa maana. Visiwa vyake alivijaza watu wa rangi ya kahawia na nyekundu kwa makusudi. Shujaa kwenye runinga akatokea mzungu, na yeye akalazimika kupinga hadharani baada ya kazi kuisha. Mtayarishaji akigoma kwenye hilo, mwombe basi mkutano mmoja wa siku mbili, ninyi watatu, vitabu vitatu mezani na daftari tupu. Ukishalijaza nitumie kurasa zake, pamoja na sini yoyote ya kwanza inayoonyesha sheria ya uchawi bila mtu kuieleza. Skripti nzima usinitumie bado.